Kitambaa juu ya mashine ya panya

Leo nimehangaika asubuhi nzima kutafuta ubovu kwenye mashine ambayo ni nzima kabisa!

Ni ile ya maabara yetu, inayopiga picha ndani ya panya wa majaribio kwa kunasa mionzi ya dawa tuliyowachoma. (Ndiyo, Arusha hii hii. Acheni kucheka.)

Mionzi ikinaswa, bodi ya elektroniki inaigeuza kuwa namba. Leo namba zinapanda tu, zinashuka tu. Nimekagua programu, nimekagua nyaya, nikaanza kuitukana mashine.

Kisha nikagusa boksi la bodi. La moto!

Matundu ya hewa yalikuwa yamefunikwa na kitambaa. Cheupe, cha kufuma kwa mkono, kina maua pembeni.

"Mama Glory!"

Huyu ndiye anayetusafishia maabara. Akaja anatabasamu.

"Umekiona, baba? Kitu cha thamani hivyo mnakiachaje uchi?"



Kimawazo nilikuwa nimesharudi nyumbani Ngaramtoni, miaka ya ruksa, bidhaa za nje zilipoanza kuingia, baba alipoleta TV yetu ya kwanza. Mama aliifumia kitambaa kabla hata hatujapata antena. Tukawa tunakaa sebuleni, familia nzima, tunaangalia kitambaa!

Basi, cha Mama Glory nimekiondoa. Bodi imepoa, namba zimetulia.

Mimi ndiye sijatulia. TV ile ilikufa zamani. Mama naye hayupo. Na hakuna kati yetu ndugu anayejua kitambaa chake kilienda wapi.

Cha kwenu kiko wapi?