Plastiki ya Mbao Juu ya Kutu

Nakumbuka Alhamisi moja, mwanangu, na laiti ningeisahau. Umenijia na gari lako kuukuu la stesheni wagoni, unataka nikuonyeshe jinsi ya kubandika upya ile plastiki ya rangi ya mbao inayobanduka ubavuni. Nitakuonyesha. Lakini kaa kwanza hapo kwenye tairi unisikilize, maana kazi hiyo niliwahi kuifanya vizuri mno, na mpaka leo inanichoma.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, fundi wa bodi hapa Kisumu, kwenye gereji ya Mzee Ochieng'. Kwa kubandika plastiki ile hakuna aliyenishinda, na nilijua, nikaringa. Basi Alhamisi hiyo akaja Mama Atieno. Mumewe, mwalimu, alikuwa amelala mochari, na kesho yake asubuhi alikuwa anapelekwa nyumbani Bondo kuzikwa. Mama alitaka mumewe aingie kwake ndani ya gari lake mwenyewe, stesheni wagoni aliyoiendesha miaka yote ya ualimu wake. Tatizo ni kwamba plastiki ilikuwa imekauka, inaning'inia kwenye mlango wa nyuma.

"Nitengenezee tu hapa, baba," akaniambia. "Asiende nyumbani na matambara."

Nikaanza. Unakanda kwa kitambaa cha maji moto, unavuta polepole, gundi kuukuu unaitoa kwa petroli. Nilipofika mlango wa nyuma, ule unaofunguka kwa kulala chini, kidole gumba changu kikapita kwenye bati. Kikapita, mwanangu! Pale bawaba zinaposhika palikuwa kutu tupu. Hiyo ilikuwa kazi ya kuchomelea, siku mbili nzima.

Mzee Ochieng' alikuwa amekwenda Ahero, sikuwa na wa kumwuliza. Mama amekaa kwenye benchi, leso kiunoni, macho yamevimba. Nawe unajua huku kwetu mtu hamwongezei mfiwa habari mbaya. Unamwambia "itakuwa sawa, Mama," halafu mengine unayabeba mwenyewe. Nikajiambia, ah, ni safari moja tu. Nikasokota gazeti nikaziba tundu, nikapaka pati, ule ujiuji wa kusawazishia bati, nikapiga msasa, nikabandika plastiki mpya na kuisugua kwa kipande cha slipa hadi hapakubaki kiputo hata kimoja. Na nisijifanye mtu wa huruma tupu: nilitaka sifa pia. Nikazipata. Mama aliupapasa mlango ule, akalia, akaniombea baraka.

Ijumaa tukaondoka, mimi, kwa kualikwa na Mama, nikiwa kwenye gari la pili, nyuma yao. Tulipofika Kisian gari la mwalimu likapanda tuta, likashuka, na mlango wa nyuma ukang'oka. Jeneza likateleza. Yawa! Kelele walizopiga wanawake wa msafara bado nazisikia. Upande wa miguu ukagonga lami, na kile kioo cha kumtazamia marehemu usoni kikapasuka. Mama Atieno alishuka mbio, akafungua leso yake, akamfunika mumewe uso. Kisha akaja kusimama kando ya mlango uliolala barabarani. Plastiki yangu haikuwa imebanduka popote. Pembeni tu, pati ilipopasuka, gazeti lilikuwa limetokeza.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Sikujua, Mama."

Akainama, akalichomoa gazeti, akanishikia mbele ya macho. "Hili lilijiingiza lenyewe?"

Mama hakupiga kelele. Heri angenipiga kofi.

"Ungeniambia jana ningelia kidogo, halafu ningemwomba shemeji pikapu yake. Basi. Wewe umeogopa machozi yangu, ukamwangusha mume wangu barabarani."

Mwalimu aliingia kwake juu ya pikapu ya mchuuzi wa dagaa wa omena tuliyemsimamisha hapo hapo, harufu na yote. Watu wa boma walikuwa wamejipanga langoni kulipokea gari lake. Niliona aibu ambayo sikuombei hata siku moja.

Mzee Ochieng' alipopata habari aliniambia maneno machache tu: "Kutu si yako. Kunyamaza ni kwako." Mwezi uliofuata nikafunga safari hadi Bondo kuomba msamaha. Mama Atieno alinikaribisha vizuri, akanipa chai. Msamaha hakunipa, na amekufa bila kunipa. Simlaumu.

Kwa hiyo, mwanangu, shika hili. Ukibandua ukakuta kutu, mwite mwenye gari. Awe amefiwa, awe analia, mwite, umshike mkono, aguse mwenyewe. Akitaka kulia mwache alie. Mtu aliyefiwa hajawa mtoto mdogo; bado anaweza kuamua mambo yake, na wewe ukimficha umemnyang'anya uamuzi huo halafu unajiita mwema. Na ukiulizwa kama ulijua, sema: "Nilijua." Mimi uongo ule wa pili, wa pale barabarani, ndio unaoniamsha mpaka sasa, kuliko hata mlango wenyewe.

Mungu aibariki mikono yako ikae na kazi hadi uzeeni. Akupe kinywa kinachosema mapema, kingali na faida. Na siku yako ikifika, naomba ubebwe na watu wasiokuficha kitu.