Kioo Chini ya Turubai la Msiba

Huku Kimara ninakokaa, anayejua mwanga unavyotembea ni mmoja tu, na huyo mmoja ni mie. Sisemi kwa majivuno, ndivyo ilivyo. Stashahada yangu ya mawasiliano niliisomea Afrika Kusini, nikajilipia mwenyewe kwa kuosha magari ya watu. Nilirudi nyumbani na begi moja la nguo na jingine la vifaa, na zito lilikuwa la vifaa.

Kwa hiyo jirani yetu mzee alipofariki, na intaneti ya mtaa ikakatika siku hiyohiyo lilipofungwa turubai, niliitwa mie. Mtoto wa kwanza wa marehemu anafanya kazi Maskati, na ruhusa hakupata. Mama yake alikuwa amemwahidi kwamba atamuaga baba yake kwa video. Nyumba yao iko bondeni, na simu huko hazishiki vizuri. Ukipanda ngazi unapata sauti, picha inaganda. Tegemeo lilikuwa faiba, ule waya wa kioo mwembamba kama unywele, uliofukiwa juujuu kwenye uchochoro na kupita uani kwa watu. Mwili ulikuwa unakuja kutoka hospitali. Ukishaagwa unaanza safari ya Iringa, na jeneza halifunguliwi tena.

"Shikamoo mama. Pole sana."

"Marahaba, baba. Mwanangu ataona?"

"Ataona, mama."

Nilipokwisha kutamka hivyo, nikatoa mashine ya kupimia.

Kutafuta palipokatika si kubahatisha. Unapiga mwanga ndani ya waya kutoka upande mmoja. Ukifika penye jeraha, kiasi fulani kinarudi. Mashine inapima muda wa kwenda na kurudi, halafu inakwambia umbali. Lakini huo muda haukusaidii kama hujui kasi, na mwanga hauna kasi moja. Hewani unakimbia utakavyo. Kwenye maji unapungua mwendo, ndiyo maana kijiko kwenye glasi ya maji kinaonekana kama kimevunjika. Kwenye kioo unapungua zaidi, karibu theluthi nzima ya kasi yake inapotea, na vioo navyo havifanani. Lazima uiambie mashine mwanga wako unapita kwenye kioo gani. Ukiidanganya, nayo itakudanganya.

Mashine ikanionyesha mtaroni. Mbele kidogo ya nyumba ya msiba kulikuwa na vibarua wanachimba mtaro wa maji ya mvua, na kamati ya mazishi ilikwisha kuwahukumu tangu asubuhi.

"Si nilisema? Ni wale wa mtaro!" alisema mdogo wa marehemu, mwenyekiti wa kamati. "Haya fundi, kachimbe huko upesi. Mwili umeshafika Ubungo."

Nilitamani sana iwe huko. Mtaroni pangekuwa rahisi, tena lawama zingekuwa za watu wengine. Lakini mashine ile niliiazima kwa mwenzangu wa Chang'ombe, na mtu aliyesoma haamini kifaa cha kuazima bila kukijaribu. Kwenye kona ya duka kuna kisanduku cha maungio ninachokiona kwa macho yangu. Nikaiuliza mashine kiko wapi. Ikakiweka mbele kupita duka, katikati ya choo cha mtu.

Aliyeitumia kabla yangu alikuwa ameipangia kioo kingine, ambamo mwanga hukimbia zaidi. Nikairekebisha, kidole kinateleza kwa jasho, mpaka kisanduku kikatua mahali pake. Nikapima upya. Jeraha likarudi nyuma, likatoka mtaroni, likapanda uani, likasimama chini ya turubai la msiba, kwenye kona ambapo wafunga turubai walikuwa wamepigilia nondo.

Palipo na nondo hiyo alikuwa amekaa mtani wa familia, mama mnene aliyejivika ungo kichwani, ambaye tangu asubuhi alikuwa akimkejeli marehemu. Nikaomba nondo ing'olewe.

"Nani ang'oe? Mtani wangu kafa na ubahili wake, mnataka kumvua na turubai? Sinyanyuki bila soda. Na iwe ya baridi!"

"Shangazi, tafadhali, muda unakwenda."

"Eti tafadhali! Ndiyo mlichosomeshwa ughaibuni? Huyu fundi au bwana harusi?"

Watu wakacheka. Mie sikucheka. Mtani msibani hasukumwi wala hakasirikiwi. Hiyo ndiyo siku yake. Huko juu barabarani nikasikia honi za msafara.

Mwenyekiti akaniinamia sikioni. "Kijana, una uhakika? Tukishusha turubai la kaka yangu bure, hapa utapita wapi?"

"Ninao."

Nilikuwa na hesabu tu. Na muda wa kuchimba shimo la pili haukuwepo.

Mama mfiwa mwenyewe akatoka ndani, ameshikwa na wanawake wawili. "Mtani, soda nitakupa. Nyanyuka, mwanangu amuone baba yake."

Mtani akanyanyuka. Akaishika nondo kwa mikono yake miwili, akaitikisa, akaing'oa. Nchani ilitoka na tope, na kwenye tope kipande cha ganda jeusi la waya.

Nikafukua pale, nikavuta akiba ya waya, nikasafisha ncha, nikaziyeyusha mpaka kioo kikashikana na kioo. Gari lilikuwa limeshaingia uani. Muda wa kukifunga kiungo kwenye kisanduku chake haukuwepo. Ndani ya uzi ule kuna kioo cha kati na kioo cha nje. Cha nje kinauacha mwanga ukimbie zaidi kidogo, na tofauti hiyo ndiyo inayouzuia usitoke. Ukiukunja uzi sana, mwanga unatoroka. Basi nikachuchumaa pale konani, kiungo nimekilaza viganjani, watu wanapita mgongoni kwangu kwenda kuaga. Kona ya turubai ilikuwa inaning'inia. Mtani ameishikilia kamba kwa mkono mmoja, mwingine una soda.

Skrini sikuiona. Nilisikia sauti tu, ya mwanaume, kutoka mbali.

"Mama, sogeza simu. Nione uso."

Kisha akaita, "Baba."

Nikaegemeza viwiko magotini.

"Fundi," mtani alininong'oneza, safari hii bila mzaha, "usitikisike."

Sikutikisika. Waulizeni waliokuwepo. Nilikaa vilevile mpaka wakafunga jeneza.