Uani kwa Bi Mwanaidi

Siku yangu ya kwanza kazini, Mhifadhi Mkuu alinikuta mlangoni nimevaa viatu vya harusi. Akacheka, akanipa ndoo ya chokaa. Nyumba ya kale haipigwi plasta ya saruji. Saruji hufungia unyevu ukutani, na boriti, yaani miti ya mikoko inayobeba dari, huoza. Hayo nilifundishwa naye, na mengine mengi.

Nyumba yenyewe, hapa Utete, tuliyokuwa tukiigeuza makumbusho, ilikuwa ya marehemu Bi Mwanaidi, mwanamke wa kwanza kwetu kununua mchele na mikeka ya delta na kuipeleka Dar kwa lori lake mwenyewe. Baraza ya mbele tuliipamba hasa: kiti, mizani, picha yake kubwa. Uani kulikuwa na kibanda cha makuti kilichoinama, na mafiga meusi.

"Huku wageni watatushangaa," alisema Mhifadhi. "Bomoeni, tujenge vyoo."

"Sawa, mzee," nikajibu. Mimi huyo huyo niliyekuwa nikiuza vitumbua uani kwetu kila alfajiri!

Siku ya ufunguzi alikuja binti wa Bi Mwanaidi, Bi Zuhura, kutoka Kibiti. Barazani alipita tu, akaenda moja kwa moja nyuma, akavua viatu mbele ya vyoo.

"Mama alikaa hapa na pishi yake, akipima mchele," alisema. "Wanawake wa delta wangekatizaje pale mbele, katikati ya wanaume? Baraza ile ya baba. Mama hakupata kuikalia."

Akanyanyua mikono amsomee mama yake Fatiha. Kisha akakumbuka pale ni chooni, akaishusha. Niliona haya hadi masikio yakawaka.

"Tutakijenga tena kibanda, bibi," nikamwambia.

"Mtajenga chenu, mwanangu. Cha mama mmekitupa."

Utepe tuliomwalika aukate, hakuukata.

Sasa nimestaafu. Vijana mnaoanza kazi hii mnanisifu kwamba boriti zile hazijaoza. Ni kweli, hazijaoza, na sifa hizo zinanichoma. Juzi nilimkuta Bi Zuhura amesimama barabarani, nje ya ukuta wa nyuma, mikono juu, vumbi la bodaboda likimpiga, anamsomea mama yake. Nilisimama mbali hadi akamaliza. Hata amina sikuthubutu kuitikia.