Jiko Lisilo na Mlango

Saa sita kasoro robo mchana. Mwanamume aliyevaa tai anaingia mgahawani, hasalimii mtu, hatafuti kiti. Anapita katikati ya meza moja kwa moja hadi jikoni, anachukua kitambaa kilichotundikwa msumarini, anafunua sufuria ya kwanza na kuinamia mvuke. Anaifunika. Anafunua ya pili.

"Hiyo nyama bado," sauti inamwambia kutoka kwenye sinki. "Ipe dakika kumi. Na salamu je, umeziacha ofisini?"

"Shikamoo Mama. Njaa inauma, ndiyo maana."

"Marahaba. Njaa haimzuii mtu kusalimia."

Mwenye sauti hiyo ni mwanamke wa miaka hamsini na tisa, mfupi, aliyevaa aproni ya bluu iliyofuliwa hadi ikapauka. Jina alilopewa na wazazi wake labda wanalijua benki tu. Mtaa mzima unamwita Mama Mfuniko, kwa sababu mgahawani kwake hakuna orodha ya vyakula. Ukitaka kujua leo kuna nini, unaingia jikoni ukafunue mwenyewe.

Ndivyo ilivyo kwa miaka ishirini na miwili. Ni chumba kimoja chenye meza saba, kwenye safu ya maduka ya pembezoni mwa mji, kati ya duka la vifaa vya umeme na kinyozi. Alipoanza, nyumba za mtaa huu zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Siku hizi zimejaa, barabara ina lami, na ng'ambo ya barabara hiyo, hatua arobaini kutoka kwake (mwandishi wa makala haya amezihesabu), kuna mgahawa wenye paa jekundu.

Huo ni mmoja kati ya migahawa thelathini na minne ya kampuni moja, yote ina paa hilohilo, viti vilevile na kuku yuleyule wa kukaanga. Ulifunguliwa miezi kumi na sita iliyopita. Una kiyoyozi, sehemu ya watoto kuchezea, na maegesho ya magari ishirini. Mama Mfuniko hana maegesho. Ana ndoo mbili alizozipindua mlangoni ili pikipiki zisimzibie njia.

"Sitasema uongo, wiki waliyofungua nilikwenda kula," anasema huku akimenya vitunguu bila kuviangalia. "Kuku wao mtamu. Choo chao kinang'aa mpaka unaogopa kukitumia. Nilirudi hapa nimenyong'onyea."

Alikuwa na sababu. Kabla ya paa jekundu aliuza sahani mia moja na ishirini kwa siku. Ndani ya mwezi mmoja zilishuka hadi sabini. Familia zenye watoto, zilizokuwa wateja wake wa jioni, zilihama kwa mkupuo.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo hadi leo akilikumbuka anajishika kichwa. Aliamua kuwaiga. Alipigisha picha za vyakula, akazitundika ukutani, kila moja na namba yake. Akanunua kaunta ya kioo. Kisha, kwa kuwa kule ng'ambo hakuna mteja anayeliona jiko, akamwita seremala amtengenezee mlango mzito wa mbao, akaufunga jikoni, na juu yake akabandika karatasi: WAFANYAKAZI TU.

"Wafanyakazi wenyewe mimi na dada anayenioshea vyombo," anasema, na anacheka hadi anaweka kisu chini.

Wiki ya tatu, sahani zilishuka hadi ishirini na tisa.

Hakuelewa. Chakula kilikuwa kilekile, mkono ni uleule. Aliyemfumbua macho ni fundi cherehani mstaafu anayekula hapo tangu mwaka wa kwanza, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye siku moja alisimama mbele ya mlango ule mpya muda mrefu, mikono nyuma. Leo yupo, kwenye meza ya dirishani, na hahitaji kubembelezwa ili asimulie.

"Nilimuuliza, Mama, unaficha nini humo ndani siku hizi? Maana watu walishaanza maneno. Huyu anasema kiporo, yule anasema amebadilisha mafuta. Mtu anakuachia uchungulie sufuria zake miaka yote hiyo, halafu ghafla anaweka mlango na kitasa. Wewe ungefikiriaje?"

"Si ungeniuliza siku ya kwanza?" Mama Mfuniko anamrukia kutoka jikoni.

"Ningekuulizia wapi, na umeandika wafanyakazi tu?"

Mgahawa mzima unaangua kicheko.

Jioni ileile aliazima bisibisi duka la jirani, akafungua bawaba moja baada ya nyingine. Picha alizitupa, kaunta akaiuza. Mlango haukupata mnunuzi, basi akaulaza juu ya miguu ya chuma, ukawa meza ya saba. Tundu la kitasa bado lipo, na chupa ya pilipili inakaa humo utadhani ilipimwa.

Sahani zilirudi polepole. Sasa ni themanini na kitu. Hazijafika mia moja na ishirini, na yeye mwenyewe haoni kama zitafika.

Lakini kinachomnyima usingizi wiki hii si sahani. Ni bega.

Bega lake la kulia limekuwa likimsumbua tangu mwaka jana. Kila siku hubeba sufuria nne kubwa kutoka kwenye majiko yaliyo ukuta wa nyuma hadi meza ya kupakulia, na akimaliza huzirudisha. Daktari alimwambia apumzike miezi mitatu. Hajapumzika hata siku tatu. Asipopika, mgahawa haufunguliwi, na mumewe, dereva wa lori wa zamani, hajaendesha tangu macho yake yaanze kufifia.

Jumatatu, saa tisa alasiri, meneja wa paa jekundu alivuka barabara. Haikuwa mara yake ya kwanza. Kijana huyo wa miaka thelathini na ushei huja mara mbili kwa wiki, kofia nyekundu ameikunja mfukoni, anafunua sufuria kama wengine, kisha anakula harakaharaka akiipa barabara mgongo. Safari hii hakwenda jikoni. Alikaa, akatoa barua.

Barua inasema wanamtaka awe msimamizi wa jiko lao. Mshahara ni mara mbili ya kile kinachombakia mwezi ukiwa mzuri. Kuna likizo, kuna bima ya afya yake na ya mumewe, na vya kunyanyua vina vijana wake. Jibu linatakiwa Ijumaa, saa sita mchana.

"Si mtego," meneja anamwambia mwandishi, akiomba asitajwe jina. "Wapishi wangu wanafuata karatasi. Karatasi ikikosea, na wao wanakosea. Huyu mama ana mkono. Halafu, kusema kweli, ninavyomwona anavyolishika lile bega, roho inaniuma."

Si yeye peke yake. Binti mkubwa wa Mama Mfuniko, mwenye miaka ishirini na sita, anafanya kazi ya kupokea malipo hukohuko kwenye paa jekundu. Mama mwenyewe ndiye aliyemsukuma aombe kazi hiyo. Nyumbani wanamtania kwa kumwita Kofia. Alhamisi, wakati wa mapumziko yake, anavuka barabara na kukaa kwenye meza ya mlango.

"Mimi nataka akubali," anasema, na anasema kwa sauti ya kusikika jikoni. "Naona aibu, maana mgahawa huu ndio ulionisomesha. Lakini mimi ndiye ninayemsugua dawa. Mimi ndiye ninayemwona anavyouma kanga asipige kelele, baba asije akasikia. Nampenda mama yangu kuliko mgahawa wake. Basi."

Mama Mfuniko anaufuta mfuniko ambao tayari ni safi.

"Nimekusikia, mwanangu," anasema. "Jibu linatakiwa kesho. Kesho bado haijafika."

Ijumaa inafika, na maharage yanaungua.

Kwa hesabu yake mwenyewe, hili limemtokea mara tano tu katika miaka yote hiyo. Alikuwa amesimama mbele ya barua, ambayo ameitundika kwenye msumari wa kitambaa, na harufu ilipomfikia, chini ya sufuria kulikuwa kumeshika. Muda wa kupika mengine hakuna. Wali, nyama na kabichi viko salama.

"Ndiyo basi, yameungua," anasema, akivuta pumzi. "Watayaona."

Wanayaona kweli. Mwenye tai anafunua, ananusa, anageuka. "Mama, leo tunakula mkaa?" Kinyozi anafunua, anampa pole, anachukua kabichi. Fundi cherehani anafunua, anatafakari kama anayekagua mshono, kisha anaomba apakuliwe ya juujuu, yale ambayo moto haukuyafikia. Hakuna aliyeondoka.

Saa sita kamili meneja anaingia, binti akiwa nyuma yake. Leo kofia ya meneja iko kichwani. Anakwenda jikoni, anachukua kitambaa, anafunua.

"Yameungua."

"Yameungua."

"Kule kwetu tungeyamwaga, tukajaza fomu. Mteja asingejua."

"Najua, baba. Na ungekuwa umefanya kazi yako vizuri." Mama Mfuniko anaitoa barua msumarini, anaikunja, anamrudishia kwa mikono miwili. "Nashukuru. Toka moyoni, nashukuru, hakuna aliyewahi kuniandikia barua ya namna hii. Lakini mimi nilishapika nyuma ya mlango wiki tatu. Naonja chumvi, nangoja mtu aje aniambie imezidi, hakuna mtu. Nilikuwa nataka kulia."

Binti ndiye anayelia. "Na bega, mama?"

Hapo Mama Mfuniko anamwonyesha alama za chaki kwenye ukuta unaotenganisha jiko na chumba cha kulia. Jumapili fundi mwashi anakuja kuuvunja kuanzia kiunoni kwenda juu. Majiko yatasogezwa hadi kwenye uwazi huo, na wateja watafunua na kupakuliwa palepale, sufuria ikiwa motoni. Kupika cha jioni kunakoma. Wa jioni ameshawaachia paa jekundu.

"Sufuria haibebwi tena. Mteja ataifuata ilipo."

"Na maji ya kujazia?"

"Mpira kutoka bombani. Nimeshaununua."

Binti anazipima alama zile kwa macho, anajifuta machozi kwa kiganja. "Na nikikukuta umebeba?"

"Ukinikuta, na wewe niandikie barua."

Anacheka huku bado analia. Kisha anavua kofia nyekundu, anaiweka kwenye meza ya mlango, anaingia jikoni, anashika sufuria ya wali kwa vitambaa viwili na kuipeleka mwenyewe kwenye meza ya kupakulia. Anarudi kuchukua ya nyama. Mama yake anasimama pembeni, mikono haijui iende wapi, na anamwachia.

Meneja hajaondoka. Anakaa kwenye meza ya mlango, kofia kichwani, na kwa mara ya kwanza uso wake unaelekea barabarani. Ameomba wali na maharage.

"Chumvi je?" Mama Mfuniko anauliza.

Meneja anatafuna, anafikiri. "Imezidi kidogo, Mama."

"Haya," anajibu, na uso wote unakunjuka. "Kesho nitapunguza."