Kumchagulia Shemeji Mkanda wa Kupandia

Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, aliuweka mkanda kiganjani, akafumba macho, akaupandisha na kuushusha taratibu. Ndivyo alivyokuwa akipima mawe yake ya dhahabu miaka yote aliyoshuka maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, huko Kharumwa.

"Huu," akasema. "Mzito. Hiyo mingine ni matambara."

Tulikuwa Geita, kwenye duka la vifaa vya wachimbaji, tukimtafutia mkanda wa usalama, ule unaofungwa kiunoni na mapajani. Jumatatu angeanza kazi nami kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, Shinyanga: ndani tukarabati paa, nje tupande mnara wa tangi la maji. Bila mkanda unaomkaa sawasawa, hapandi. Nimewahi kumwona mtu akining'inia kichwa chini. Sina hamu ya kumpelekea dada yake habari ya namna hiyo.

Nikamweleza. Mkanda wa kiuno ukae juu ya mifupa ya nyonga. Wa mapaja uwe wa kukazwa na kulegezwa, maana tukiwa ndani ya kiwanda utavaa suruali nyepesi, tukiwa nje mnarani utavaa ovaroli na koti la mvua. Tena uwe mwepesi, mnara ule ni mrefu. Nikaeleza tena. Mara ya tatu nikamwomba mwenye duka tuufunge kwenye boriti, aning'inie kwenye huo mzito wake, aone mwenyewe unavyobana.

Waendesha bodaboda wakajaa mlangoni. "Oya, mbuzi wa buchani! Paja kilo ngapi?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Mbele ya watu, angekubalije kushuka?

"Niko sawa, shemeji," alisema, jasho likimtiririka. Tulipomshusha miguu ilikuwa imekufa ganzi, akajibwaga juu ya katoni ya misumari. "Mzuri," akasema. "Umetulia."

Nilitaka kulia. Nikachukua ule mwepesi. "Vaa huu, au Jumatatu utashika ufagio."

Akauvaa huku akitazama barabarani. Mikanda ya mapaja akaiacha imelegea, makusudi kabisa. Nikapiga magoti mbele yake, nikaanza kuikaza mwenyewe.

"Jamani, mzee anaamkia kwa magoti kama mama wa Kisukuma!" bodaboda mmoja akapaza sauti.

"Marahaba," shemeji akaitikia, mlango mzima ukacheka.

Sikuinuka. Kiganja kinatakiwa kipite kati ya mkanda na paja, ngumi isipite. Ngumi yangu bado ilikuwa inapita. Nikavuta tena.