Drone yangu na kikwembe cha mama

Leo mama amenilalia juu katikati ya shamba, mimi mwenye ndevu, na bajirani wanaangalia.

Bon, niwaeleze.

Kazi yangu iko kurusha drone. Inapita juu ya muhogo, inapiga picha, kisha akili ya mashine inaonyesha majani yenye ugonjwa. Asubuhi niliipeleka kwenye shamba ya mama, hapa pembeni ya Kisangani. Nilitaka kumufurahisha.

Sikumwambia mbele ya kuirusha. Hapo nilikosa.

Drone ikaanza kulia. Mama, mwenye alikimbia vita Sud-Kivu, akatupa jembe, akakuja mbio, akaniangusha, akatufunika na kikwembe chake cha kijani, kile kitambaa alikuwa amejifunga kiunoni.

"Usiinue kichwa, papa."

(Papa iko mimi. Ananiitaka hivyo tangu utoto.)

"Mama, iko yangu. Angalia, mimi ndiye naiongoza."

Roho yake ilikuwa inapiga sana juu ya mugongo wangu.

Alors tukaangalia picha pamoja. Majani yenye ugonjwa, mashine iliyapaka rangi nyekundu. Na pale tulikuwa tumelala? Iliona kikwembe tu, ikaandika: muhogo wenye afya.

Bajirani wakacheka. Mama pia, kidogo. Kisha akauliza:

"Na zile za vita, nazo zinakosaka hivi?"

Ninyi mungemujibu nini? Nilimupangusa tu udongo kwenye magoti.

Akasema niirushe tena.

Lakini alishika shati yangu kwa nyuma, hakuiachilia mpaka drone ikashuka.