Hasira Yenye Macho

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, dada yangu Kalunde alipoingia uani kwetu Kawajense, mkono ameufunga kwa kanga kama mtu aliyebeba mtoto. Mtoto hakuwamo. Ulikuwa mkono mtupu, umevimba kutoka kiwiko hadi vidoleni. Mumewe, Maganga, alikuwa amempiga kwa mpini wa mwiko kwa sababu mboga haikukolea chumvi. Chumvi ilikuwa imekwisha nyumbani, na Kalunde alimwambia hivyo.

Ilikuwa miaka ya hamsini, reli bado ngeni Mpanda, na Maganga akifanya kazi kwenye machimbo ya madini ya risasi. Jioni ile ile akaja kumchukua mkewe. Baba akaketi naye barazani pamoja na baba zangu wadogo wawili. Bibi, mama mzaa baba, alikaa kando na ungo wake akimenya karanga.

Unajua wazee wale walisema nini? Hata leo nikikumbuka damu inanichemka.

"Kalunde, mumeo ni mwepesi wa hasira," baba akasema. "Ndivyo alivyoumbwa. Tabia ni ngozi, mtu haivui. Wewe ni mpole, vumilia. Mvumilivu hula mbivu."

Yaani kwa kuwa mmoja kaumbwa moto, mwenzake aumbwe kuni! Na mimi niliyesimama pale mlangoni, bado sijaolewa, nilizaliwa na moto uleule wa Maganga. Neno dogo tu lilitosha kuniwasha. Je, kuna aliyewahi kusema ndivyo nilivyoumbwa? Thubutu! Niliambiwa, "Nyamaza, binti mkali haolewi." Tabia moja, mwanangu, kwake ilikuwa ngozi, kwangu ilikuwa utovu wa adabu.

Ndipo bibi akafungua kinywa. Kwetu bibi ni mtani wa mume wa mjukuu wake. Humwita "mume wangu", humtania apendavyo, naye haruhusiwi kukasirika.

"Mume wangu," akaanza, "leo umekuja mikono mitupu? Hata asali ya kulamba? Kweli nimeolewa na gogo."

Maganga akacheka. "Nisamehe, mke wangu mkubwa."

"Nikusamehe na huo uso? Nyani wa Katavi wakikuona watakuita mjomba."

Baba zangu wakaangua kicheko.

"Nasikia hata mama yako alipokuzaa, mkunga alikimbia. Na miguu hiyo inavyonuka, mbwa wetu wamehama tangu ulipoingia."

"Jamani, bibi huyu ataniua!" akasema Maganga, machozi ya kicheko yakimtoka.

Bibi akauweka ungo chini. Uso wake haukuwa na mzaha tena.

"Nimekutukana wewe. Nimemgusa hadi mama yako mzazi, mbele ya wakwe zako, na umecheka. Kalunde alisema nini? Alisema chumvi imekwisha." Akakung'uta maganda ya karanga mikononi. "Na huyo nyapara tunayesikia anakuita mbwa kazini, yeye umemvimbisha mkono gani?"

Maganga akafuta machozi ya kicheko kwa kiganja.

"Basi hasira yako ina macho, mwanangu." Hakumwita "mume wangu", utani ulikuwa umekwisha. "Inamtambua mkubwa. Inamtambua mtani. Ikimfikia mkeo tu, inajifanya kipofu. Na nyie wanaume watatu mmekaa hapa mnaiita ngozi! Angekuwa mmoja wenu kapigwa, mngeiita ngozi?"

"Bibi," Maganga akasema kwa sauti ndogo, "lakini inapanda yenyewe."

"Inapanda, ndiyo. Mkono nao unapanda wenyewe?"

Baba akamwambia Maganga aende peke yake. Kalunde akabaki kwetu masika yote. Alirudi baada ya mavuno, siku aliyotaka yeye, si siku aliyotakiwa.

Usidhani Maganga aligeuka mtu mwingine. Hadi uzeeni alikuwa mwepesi wa kuwaka. Nimewahi kumwona akiacha tonge sahanini, akatoka nje, akaizunguka nyumba, akarudi kula. Moto haukuzimika, ila mkono ulijifunza kutii. Lakini wa dada yangu, ule uliopigwa, haukunyooka tena hadi anaingia kaburini. Wahenga walisema hasira hasara, ila mara nyingi hasara yenyewe huibeba mwingine.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Watu hatukuumbwa sawa. Sufuria huchemka upesi, chungu huchelewa, na hakuna cha kulaumiwa kwa hilo. Lakini ikifurika, kuna mkono uliopaswa kuiepua. Ukijijua u mwepesi wa hasira, usione aibu. Nami niko hivyo, na imewezekana. Jifunze inaanzia wapi mwilini mwako, utoke nje kabla haijafika mkononi. Tena jiulize: ningemfanyia hivi mtu ninayemwogopa? Na ukiwa mpole, upole wako usiwe jaa la kutupia hasira za wengine. Atakayekwambia "mvumilie, ndivyo alivyo," mwulize kwa nini wewe hupewi ruhusa ya kuwa ulivyo.

Mungu akupe moyo unaosikia upesi na mkono unaokawia. Nyumba yako wasiogope kuingia, na aliye mdogo humo aseme chumvi imekwisha, apate chumvi.